Jeneza Lisilo na Kasoro

S.L.P. 41,
Kuusela, Michigan.
10 Machi, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Veikko,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji uliyoikimbia. Hujambo wewe? Wifi yangu Donna naye hajambo? Goti lake limepoa? Na vidole vyako, bado vinakuamsha kwa maumivu asubuhi, au jua la Florida limevinyoosha? Mimi mwili haujambo. Nyumba imesimama, paa nalo halijaporomoka, ingawa wiki jana ilibidi nipande mwenyewe na koleo kuikomba theluji, majirani wananitazama dirishani kama wanaangalia sinema. Hakuna aliyetoka kunisaidia mpaka niliposhuka, ndipo wakaja kunipa pole.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ningepiga, lakini nakujua. Kwenye simu utaniambia, "Dada Aune, Reino ni chuma, atatuzika sote," kisha utaniuliza kama ziwa limeganda, tutacheka, tutaagana. Barua huwezi kuiambia kwaheri katikati. Kaa chini uisome yote, na usimsomee Donna kwanza.

Veikko, maji yamenifika shingoni.

Kaka yetu mgonjwa. Hilo unalijua kwa juu juu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuambia ni kikohozi. Si kikohozi. Ni moyo. Mlango mmoja wa moyo wake umechoka, haufungi sawasawa, na damu inarudi ilikotoka. Daktari wa hospitali ya Marquette alitueleza wazi vuli iliyopita, mimi na Reino tumekaa mbele yake kama watoto walioitwa ofisini. Akasema wakimpasua na kumwekea mlango mwingine atarudi kupasua kuni zake. Wasipompasua, asitegemee kuchuma matunda ya porini kiangazi hiki. Reino alisikiliza yote, kofia iko gotini, kisha akasema, "Nitakuja. Kuna kazi naimalizia kwanza."

Mimi nikadhani ni kuni. Kumbe ni jeneza lake.

Subiri, nianze kwenye shule, maana bila shule hutaelewa kitu. Unaikumbuka shule yetu ya msingi, iliyofungwa watoto walipokwisha kijijini? Imefunguliwa tena, safari hii kwa ajili yetu wazee. Watu wa hapa wameigeuza kuwa shule ya kazi za mikono. Chumba cha darasa la kwanza kina vitanda vya kufumia mazulia ya matambara, kwenye maktaba wanasuka vikapu vya magome ya mti, na ukumbi wa mazoezi umekuwa karakana ya mbao. Wanafundishana zile kazi ambazo bibi alizifanya kwa kulazimika na mama akazitupa siku ile ile plastiki ilipofika dukani. Baba angeshika mbavu kwa kicheko. Watu wanaendesha gari kutoka Chicago, wanalala hotelini, ili wafundishwe kuchonga mwiko!

Reino nilimpeleka mimi, kwa kumkokota. Tangu mkewe Helmi afariki alikuwa anakaa jikoni koti mwilini, anakula kutoka kwenye sufuria, redio imezimwa. Mara ya kwanza alikwenda kunyamazisha mdomo wangu tu. Akachonga mwiko. Akarudi akatengeneza sanduku, kisha kigoda. Baadaye nikaona kila Jumamosi, siku ya darasa, ananyoa ndevu. Siku moja nikamkuta dukani anapiga mluzi mbele ya viazi, nikalazimika kujificha nyuma ya rafu ya unga nilie. Wewe ulikuwa mbali, hukuona alivyokuwa amezama, kwa hiyo huwezi kujua mluzi ule ulikuwa kitu gani kwangu.

Basi walipotangaza darasa la majeneza, akajiandikisha. Usishtuke, huku limeshakuwa jambo la kawaida. Lorraine, yule mjane wa jirani yangu, alitengeneza lake mwaka juzi, akalisimamisha sebuleni, akalitia rafu, na sasa anawekea chupa za jemu. Anasema siku yake ikifika watoe jemu wamweke yeye. Waliojiandikisha pamoja na Reino walimaliza kwa Jumamosi chache tu, wakabeba mali yao nyumbani. Reino hakumaliza.

Unajua zile pembe zinazofungwa kwa meno bila msumari, ubao huu una meno na ule una mapengo, vinaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Reino anachonga, anaunganisha, anainama anatazama, kisha anasema, "Hapa panapita upepo." Anakata, anaanza upya. Vuli ikaisha, Krismasi ikapita, hospitali wamempangia siku akaiahirisha, wakampangia nyingine akaiahirisha. Na huku akipiga randa mara chache tu anashika meza apumue, midomo imemgeuka rangi.

Nilikwenda karakana kumfokea mbele za watu.

"Reino, hospitali wamepiga tena."

"Waambie niko kazini."

"Kazi gani! Maiti anasikia upepo?"

"Kwani utalala humo wewe? Niache."

"Nikuache ufie kwenye maranda?"

"Baba alisema nini kuhusu kazi ya nusu?" akaniuliza, na darasa zima likanigeukia lisikie baba alisema nini.

Unajua baba alisema nini. Mwenye kuacha kazi katikati asikae mezani kwake. Wewe mwenyewe alikumalizisha kile kigari cha theluji huku una surua. Mtu utabishana vipi na marehemu?

Nikarudi nyumbani nikafikiri, nikajiona nimepata akili. Nikasema, ikiwa kinachomzuia ni kazi, basi kazi iishe. Mwezi wa kwanza nikajiandikisha mimi pia. Ndiyo, Aune dada yako, ambaye mama alimnyang'anya kisu cha mkate kwa kuhofia vidole vyake. Nikamwambia Mwalimu Arvid (ni yule mtoto wa mzee Salmela wa mashua, sasa naye ana mvi) kwamba nataka kujifunza kufunga pembe, hizo tu, sitaki kingine. Akaniuliza nataka kutengeneza nini. Nikamwambia sijui bado.

Na hapa nikuambie jambo linaloniudhi mpaka leo. Niliipenda. Nilikwenda pale na hila moyoni na ile kazi ikanishika. Kuna jiko la kuni linanguruma kwenye kona, kuna harufu ya msonobari mbichi, saa nne mtu analeta mkate wa iliki na kahawa, na kila mmoja anakuonyesha alipokosea bila aibu yoyote. Patasi ilikataa mikononi mwangu majuma mengi, halafu siku moja ikakubali. Sijui nikueleze vipi, wewe uliyezaliwa nayo. Nilikuwa nasahau kwa muda mrefu kwamba mimi ni kikongwe na kwamba kaka yangu anafia pembeni yangu. Naye nadhani alikuwa anasahau. Tulisimama meza moja, ananisogezea taa, ananitania, "Aune, huo si mkate, usiukandamize." Hatukuwahi kuongea namna hiyo tangu tulipokuwa tunaosha vyombo vya mama.

Ningeacha mambo yalivyo. Lakini mimi najulikana kwa kutoacha.

Mwezi uliopita ilifika Jumamosi akashindwa kuja, miguu imevimba. Jeneza lilikuwa limebaki pembe moja, ile aliyokuwa ameifumua kwa mara nyingine. Wenzangu walikwenda kula. Nikachukua patasi. Arvid akanikuta nimeshachora mistari.

"Aune, kazi ya mtu haiguswi."

"Basi njoo umzike wewe."

"Hapa mtu anamaliza chake mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Sheria yako itamtia kwenye hilo sanduku kabla mafuta ya mbao hayajakauka. Nenda kale, Arvid."

Akaniangalia, akaenda kula. Nikachonga yale meno polepole kama nilivyofundishwa, nikagonga kwa nyundo ya mbao, na ubao ukaingia mahali pake kimya, bila hata kulalamika. Nikalia kwa furaha nimesimama peke yangu kwenye maranda. Mjinga mimi.

Jumamosi iliyofuata akaja. Akavua glavu, akaliendea, akasimama. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe.

"Nani kafunga huku?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Reino. Limeisha. Sasa twende Marquette."

Alipitisha kidole tena, taratibu, juu mpaka chini. Nilitegemea anifokee. Badala yake akasema, "Umefunga vizuri kuliko mimi," akanipa mkono. Veikko, kaka yetu alinipa mkono! Katika nyumba yetu ni nani aliwahi kumpa mwenzake mkono? Halafu akalipaka mafuta ya kitani, akaomba vijana wa darasa la kutengeneza visu walipakie kwenye gari, akaenda nalo nyumbani anaendesha polepole kama amebeba mayai.

Jumatatu akapiga simu hospitali, mimi nimekaa pale pale mezani kwake. Akawaambia kwa adabu zote wampe nafasi yake mtu mwenye umri mdogo. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Si uliahidi!" nikamwambia.

"Niliahidi kabla sijawa tayari."

"Na sasa?"

"Sasa niko tayari, Aune. Kila kitu kimekaa sawa. Sina haja ya kupasuliwa."

Tangu siku hiyo anagawa vitu. Msumeno wa mashine amempa jirani. Mbwa wake Musti amempeleka kwa Lorraine, na Musti analia mlangoni hapo mpaka mimi nasikia kwangu. Sauna yake, kile chumba cha kuogea mvuke, ameisugua benchi zote. Shuleni haendi tena, anasema amehitimu. Na usidhani ana huzuni. Anakula vizuri, analala vizuri, ananipokea kwa tabasamu, jeneza liko sebuleni chini ya dirisha na yeye amekaa karibu nalo na kikombe chake. Veikko, kinachonitisha si ugonjwa wake. Ni hiyo amani yake. Ningejua kupambana na mtu anayeogopa. Huyu sijui nimshike wapi.

Mimi nilidhani ile kazi ndiyo inayomzuia asipone. Sikuona kwamba ndiyo iliyokuwa inamwamsha Jumamosi akanyoe ndevu. Alikuwa anafumua pembe ili pawe na Jumamosi nyingine, na nyingine. Mimi na akili zangu nyingi nikaja nikaimaliza. Nimejipalia makaa mwenyewe, na anayeungua ni yeye.

Nimejaribu kila mlango. Mchungaji alikuja, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za samaki, akaondoka amefurahi, hana habari kilichomleta. Lorraine alikwenda kumwambia jeneza lake ni baya, Reino akacheka mpaka akakohoa. Arvid nilimpigia magoti, si kwa mfano, magoti haya yangu mabovu. Nikamwomba aseme lina kosa, aseme lazima lirudi karakana. Akaniambia, "Niombe chochote, Aune. Siwezi kusema uongo juu ya kiungo cha mbao." Watu wa hapa unawajua. Watadanganya kuhusu samaki waliyemkamata, lakini si kuhusu mbao.

Umebaki wewe.

Najua utasema Reino hajawahi kukusikiliza tangu kuzaliwa. Si kweli. Baba aliwafundisha nyote wawili, lakini alisema wewe ndiye mwenye jicho, na Reino hakusahau. Mpaka leo akimaliza chochote anasimama mbali kidogo anajisemea, "Sijui Veikko angesemaje." Ule mwiko wake wa kwanza aliupiga picha ili akutumie. Alikutumia? Najua hakukutumia. Aliogopa.

Basi nisikilize. Panda ndege, njoo. Ukifika usiseme habari za moyo wala hospitali. Nenda sebuleni, vaa miwani yako, lizunguke kama ulivyokuwa unazizunguka kabati walizokuletea wateja uzikarabati, kwa dharau. Sema mfuniko haufai. Sema umepinda, au mbao zake hazikukauka, wewe ndiye unayejua maneno yake. Mwambie hata baba asingekubali mtu wa jina letu azikwe chini ya kifuniko hicho. Halafu umwambie hutakitengeneza wewe, ni lazima akitengeneze yeye, na kwamba kupiga randa ubao mpana namna ile kunataka pumzi ambayo yeye hana. Hapo nyamaza. Usiongeze neno, utaharibu. Atafika Marquette mwenyewe kwa miguu yake, na akitoka huko atapata Jumamosi zake.

Muuguzi wa huko, binti mwenye moyo, amekubali kutolifuta jina lake hadi wiki inayofuata Pasaka. Zaidi ya hapo hawezi. Kwa hiyo usiniandikie kwamba utaangalia bei za tiketi, wala kwamba utasubiri theluji iyeyuke. Unajua theluji ya huku inavyoyeyuka.

Na usijaribu kwa simu. Atajua. Lazima akuone ukipitisha kidole.

Kuna jambo moja sina budi kukuambia ili usije ukakwama mbele yake. Nilidhani pengine nitakurahisishia kazi kwa kukutafutia kosa la kweli. Juzi alipokuwa anaoga sauna niliingia sebuleni nikalikagua. Nilipitisha karatasi kwenye kila pembe, haikuingia. Nililala chini nikatazama tumbo lake. Niliupima mfuniko kwa rula ya mama ya kushonea, kona kwa kona. Nikaufunika, ukashuka taratibu kwa hewa iliyokuwa ndani, kama mtu anayeshusha pumzi. Hakuna kosa, mdogo wangu. Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka kwenye mikono ya watu wa nyumba yetu, na ninakuomba uje umwambie usoni kwamba hakifai.

Nisalimie sana Donna, mwambie namshukuru kwa machungwa, yalifika yamegandia kwenye sanduku la barua lakini tuliyala. Wasalimie watoto wenu na yule mjukuu mpya ambaye bado hamjanitumia picha yake. Lorraine anakusalimu. Arvid anakusalimu pia, na anasema ukija upite karakana.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini Reino ameingia sasa hivi bila kubisha, kuniletea maziwa. Ameniona na kalamu akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Amesimama mlangoni, theluji inamdondoka mabegani, anapumua kwa shida kutokana na ngazi tu, halafu akasema, "Mwambie nimemaliza. Mwambie aje alione. Yeye akisema ni zuri, basi, sitaki tena neno la mtu."

Veikko, nakusihi kwa maziwa ya mama tuliyonyonya sote watatu, usiseme ni zuri.

Mungu akulinde njiani na akufikishe kabla hajachelewa yeyote kati yetu.

Dada yako akupendaye na anayekungoja dirishani,

Aune